Binti Aliyechelewa Kila Siku: kisa cha familia iliyohamia Malindi kutoka Amu

Kesi hii ilinifikia ikiwa tayari imepewa jina la utovu wa nidhamu. Binti wa Gredi ya 8, aliyeingia shuleni kwetu Malindi mwanzo wa muhula wa kwanza wa 2024, alikuwa ameandikwa kwenye daftari la zamu kwa kuchelewa karibu kila siku. Aliadhibiwa kwa kuokota takataka uwanjani. Akaokota, na kesho yake akachelewa tena. Kwenye karatasi iliyomleta kwangu, mimi nikiwa mwalimu wa ushauri nasaha, mwalimu wa darasa aliandika: "Akiulizwa, hana sababu."

Wazazi wameniruhusu kukiandika kisa hiki. Nimeyaacha majina yao, mtaa wao wa kwanza na majina ya shule zote zinazohusika, kwa kuwa Malindi ni mji ambao ukitaja kazi ya mtu na mtaa wake, msikilizaji anafika mlangoni bila kuuliza.

Nyumba mbili

Ni familia ya watu watano. Baba ni fundi seremala wa Langoni, mtaa wa Amu (ndiyo Lamu), wa kazi zile zilizoipa Amu sifa: milango ya nakshi, vitanda vya samadari, viti vya mbambakofi. Mama ni wa Mkomani, mtaa mwingine wa mji huohuo. Watoto ni binti huyo wa miaka kumi na mitatu, mvulana wa Gredi ya 4, na mziwanda wa PP2, darasa la mwisho la chekechea, naye mvulana. Baba alipata kazi kwenye karakana moja inayotengeneza fanicha za nyumba za Wataliano na hoteli za ufuoni. Alitangulia Desemba 2023, akatafuta nyumba, akawaita wenziwe shule zilipokaribia kufunguliwa.

Nyumba waliyoiacha Amu yafaa kuelezwa, maana nusu ya kesi imo humo. Katika familia nyingi za zamani za mji ule, binti akiolewa hupewa nyumba au orofa ya nyumba, na anayehamia ni mume. Mama huyu alipewa orofa ya juu kwa mamake. Kuta za mawe ya matumbawe, nene hata joto la adhuhuri ya kaskazi halipenyi upesi, dari za boriti za mikoko, kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati. Kodi hakuna. Bibi yuko chini, mama mdogo yuko nyumba ya pili, na mlango wa nje una daka lenye baraza mbili ambazo hazikosi mtu. Mume aliishi humo miaka yote kwa heshima kamili, ila ni nyumba asiyoweza kuitoboa ukuta bila kumwambia mkwewe. Hili hakulisema mtu waziwazi mpaka tulipokuwa tumefika mbali, lakini naamini ndilo lililoichagua nyumba ya Malindi.

Kwani nyumba ya Malindi ilikuwa ya kwanza baba kuichagua mwenyewe maishani mwake, na alichagua kama mtu aliyengoja sana. Mpya, vigae chini, choo ndani, umeme wa tokeni, upande wa bara wa barabara kuu, mwendo mfupi kutoka karakana. Kodi yake ilikuwa nafuu kuliko ya mitaa ya pwani. Juu ni mabati na kuta ni matofali ya saruji, kwa hivyo Januari ndani hakukukalika mpaka usiku uingie. Maji ya mfereji yalikuja kwa siku zake, na siku nyingine walinunua mitungi kwa mwenye mkokoteni. Hayo waliyalalamikia wiki mbili tatu, wakayazoea.

Shule ikachaguliwa baada ya nyumba, na chuo baada ya shule. Wavulana wakaandikishwa katika shule ya kibinafsi karibu na nyumbani, yenye sare nzuri na Kiingereza kingi. Shule hiyo haikuwa na sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, basi binti akaletwa kwetu, shule ya serikali, upande wa pili wa barabara kuu. Chuo cha Qurani mama alikitaka Shella, kwa maalim aliye jamaa yao. Nasema Shella ya Malindi, mtaa wa kale wa ufuoni, wala siyo Shela ya Amu yenye majabali ya mchanga. Kila chaguo, ukilitazama peke yake, lina akili. Nyumba nzuri, shule nzuri, maalim mzuri. Hakuna aliyeuliza vitu hivyo vitatu vinaunganishwa na nani.

Siku moja kwenye karatasi

Binti alipoketi mbele yangu hakuwa mkaidi wala mnyonge. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye adabu, anayejibu "naam, Mwalimu" na kunyamaza. Nikaacha kumuuliza kwa nini. Nikampa karatasi na kalamu, nikamwomba anichoree siku yake ya jana, tangu alipofumbua macho mpaka alipolala, na saa kando.

Alichora vizuri, huenda ni damu ya babake. Alfajiri: kuswali, kuwasha jiko, kumwamsha mdogo, kumvisha. Saa moja kasoro: kutoka na wavulana wawili. Lango la shule yao lilipokea watoto saa moja na nusu, na mziwanda hakubali kuachwa nje, hulia. Kwa hivyo dada hungoja lango lifunguliwe. Kisha barabara kuu, kisha njia ya kuja kwetu kwa miguu. Kwetu anayefika baada ya saa moja na nusu huandikwa mchelewaji.

Malango mawili, saa ileile, mtu mmoja. Kesi ya nidhamu iliishia hapo. Sababu ilikuwapo siku zote, ina miaka mitano, na kila asubuhi ilikuwa ikishikwa mkono.

Jioni ilikuwa ndefu zaidi. Alitoka kwetu, akawarudia wadogo zake waliokuwa wamengoja kwa bawabu muda mrefu, akawavusha, akawapeleka Shella chuoni. Tuktuk kama pesa zipo, miguu kama hazipo. Magharibi wakavuka tena kurudi nyumbani, giza likiingia. Kazi za shule aliziandika baada ya isha.

Nilipomuuliza mbona hakumwambia mwalimu wa darasa, alishangaa. Kwake hilo halikuwa tatizo la kuambiwa mtu. Mambo ya ndani hayatolewi nje, na kuwashika wadogo ni kazi ya dada. Tena alihofu jambo moja la busara kabisa: angesema, babake angetakiwa kulipa tuktuk ya kila siku, na yeye ndiye aliyejua senti zilivyo pale nyumbani.

Barabara

Nilimuuliza ni kitu gani kigumu kuliko vyote Malindi. Sikusikia joto, wala masomo, wala wenzake. Alisema barabara.

Anayejua Amu atamwelewa mara moja. Mji wa kale wa Amu, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro ambavyo punda mwenye shehena akipita, mtu huegemea ukuta. Siku hizi pikipiki zimeingia kisiwani pande za nje, lakini ndani ya mji bado ni miguu na punda. Watoto hawa hawakuwahi kuvuka barabara. Yule wa Gredi ya 4 alikuwa akienda chuoni peke yake tangu ana miaka mitano, akitumwa dukani, akishuka gatini kutazama mashua, akirudi, na njiani kila baraza ina mtu wa kumuuliza, "Mwana wa fulani, wenda wapi?" Akikosea njia, habari hufika nyumbani kabla yake.

Mama aliniambia baadaye sentensi ambayo ningeibandika kwenye kila ofisi ya uandikishaji: "Kule kwetu mtoto hapelekwi skuli, Mwalimu. Huenda."

Ndiyo hoja yangu katika kisa hiki. Tukihesabu alichopoteza mtu aliyehama, tunahesabu nyumba, jamaa, chakula, rafiki. Familia hii ilipoteza kazi. Kulikuwa na kazi kubwa iliyofanywa Amu bila malipo, ya kuwatazama watoto njiani, ikigawanywa kwa wazee wa barazani, wenye maduka, mama wadogo na majirani. Walipohama, kazi ile haikuhama na wafanyaji wake. Ilikuja nzima, ikatua juu ya mtu mmoja wa miaka kumi na mitatu, na kwa kuwa hapo awali haikuwa na jina wala mshahara, hakuna aliyeona kwamba imetua.

Kila mahali paliona kipande chake. Sisi shuleni tuliona uchelewaji. Maalim aliona watoto wanaosinzia juu ya juzuu. Nyumbani waliona binti aliyekuwa mpole akawa mkali, wakasema ni umri. Na wote, shule, chuo na jamaa wa simuni, walitoa nasaha ileile: watazoea. Sina imani kubwa na nasaha hiyo. Mtoto huzoea mengi, na mengine ni bora asiyazoee.

Mvulana aliyenyamaza

Huyu wa pili hakuletwa kwangu, hakuwa wetu wakati huo, lakini habari zake zilikuja na za dadake. Taarifa yake ya nusu muhula ilisema ni mzito wa Kiswahili. Mtoto wa Amu! Mama alicheka kwanza, kisha akalia.

Lilikuwa jambo la kawaida. Alifungua kinywa mara ya kwanza darasani kwa Kiamu cha bibi yake, darasa likaangua kicheko, akakifunga. Mwalimu alikuwa mgeni wa pwani, hakujua kwamba lahaja ile ilitungiwa tenzi kabla Kiswahili sanifu hakijazaliwa, akaweka alama kwa alichokisikia, yaani kimya. Uwanjani nako wenzake walicheza kwa Kigiriama. Gredi ya 4 ndiyo gredi ambayo tathmini za shuleni huanza kupelekwa KNEC, Baraza la Mitihani la Kenya, na kuhesabiwa, basi wazazi wakashtuka kupita kiasi.

Dawa haikuwa masomo ya ziada, ingawa shule ilikuwa tayari kuyauza. Kimya chake kilivunjwa na mtoto wa Kigiriama waliyekaa dawati moja, aliyetaka kujua kama ni kweli kuna mji ambao magari hayaingii. Akaulizwa, akaeleza, akabishwa, akaeleza tena. Kufikia mwisho wa muhula alikuwa akitukana kwa Kigiriama, jambo ambalo mama alinilalamikia nami nikajitahidi nisitabasamu.

Sahani

Kuna waliodhani mama amefungiwa ndani na mumewe. Sivyo. Amu aliuza mahamri, viazi vya karai na mabuyu mlangoni kwake. Watoto walitumwa na sarafu, wanawake walipita, habari zikapita nao. Malindi alikuwa na ufundi uleule na karai ileile, lakini mbele ya mlango wake hapakupita mtu ila bodaboda. Hakutoka kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Huko Amu hakuna siku alihitaji kupanga kukutana na watu.

Baba alikuja shuleni peke yake kwa wito wa kwanza, kama ilivyo desturi. Mtu wa heshima, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. "Mwalimu," aliniambia, "mimi nimewapa nyumba nzuri na skuli nzuri. Kimebaki nini?" Sikumjibu siku ile. Nilimwomba tuonane tena, safari hiyo na mama.

Ramadhani ya mwaka huo ilianza tarehe 12 Machi. Amu, kabla ya adhana ya magharibi, vichochoro hujaa watoto wenye sahani zilizofunikwa, kutoka nyumba hii kwenda ile. Hapa jioni ya kwanza haikuja sahani, wala ya pili. Mama akangoja. Jioni ya tatu akajaza sahani za kaimati na mkate wa kumimina, akampa binti: mpelekee jirani huyu, na yule. Jirani mmoja ni mama wa Kigiriama, Mkristo, mumewe dereva wa tuktuk. Sahani ikarudi kesho yake na mihogo ya kuchemsha. Ikaenda tena. Kabla ya kumi la kwanza kwisha, wanawake wale wawili walikuwa wakizungumza ukutani, na mama akamweleza habari ya malango mawili.

Dereva akasema yeye asubuhi hupita palepale akielekea steji. Atawachukua wavulana, atasimama nao mpaka lango lifunguliwe, na wampe chochote mwisho wa wiki. Binti akaanza kufika kwa wakati. Mwalimu wa darasa alinishukuru kwa ushauri nasaha niliompa, nami nikamweleza ukweli kwamba shukrani ni za kaimati.

Rai ya kumrudisha Amu

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi tamu. Lakini Malindi ina majira yake. Kaskazi ikiisha Wataliano hurudi kwao, nyumba za ufuoni hufungwa, hoteli hupunguza watu, na kuanzia Aprili, kusi na mvua za masika zikiingia, karakana zinazowategemea hubaki na kazi za kuunga unga. Baba akawa anaitwa siku chache kwa wiki. Ada ya muhula wa pili ya shule ya kibinafsi ikawa inamtazama, na bado ana deni la muhula wa kwanza.

Walikwenda Amu kwa Idd. Malindi hadi Mokowe ni kilomita zipatazo 220 kwa basi, kisha mashua. Huko ndiko bibi alikotoa rai: mwacheni binti hapa. Ana kitanda chake, ana skuli yake ya zamani, ana shoga zake. Midomo minne Malindi ni nafuu kuliko mitano. Mama hakukataa. Baba alisema watamuuliza mwalimu kwanza, na wakarudi naye.

Rai ile haikuwa ya ovyo. Binti mwenyewe alilia kwa hamu ya kubaki. Na muhula uliokuwa mbele haukuvutia: walimu wanagenzi wa sekondari msingi walikuwa wanagoma, na Gredi ya 8 kwetu ilikuwa na vipindi vinavyopita bila mwalimu. Nikaipinga hata hivyo, kwa sababu mbili. Kwanza, angeondoka yeye lakini kazi yake ingebaki, na wa kuirithi ni mvulana wa Gredi ya 4. Pili, binti alishapewa mzigo wa familia bila kuulizwa, na sasa angepewa adhabu ya kuuweka chini: yeye ndiye aliyerudishwa. Ningekubali haraka kama angetakiwa Amu kwa ajili yake. Alitakiwa kwa ajili ya hesabu ya nyumba.

Kulikuwa pia na la karatasi. Mwaka ule mwanafunzi akihama, shule ya zamani ilitakiwa kumwachilia kwenye NEMIS, mfumo wa serikali wa kuandikisha wanafunzi, ndipo mpya imwandikishe, na pesa za serikali zilimfuata kwenye mfumo huo. Uhamisho wa binti kutoka Lamu ulikuwa umechukua karibu muhula mzima kukamilika. Wakati wote huo alikuwa anakaa darasani kwetu akihesabiwa kwingine. Kumrudisha ni kuianza safari ile upya kinyumenyume.

Sijui kama maneno yangu yangetosha, kwani mvua ilinisaidia. Mafuriko yaliikumba nchi, Tana ikafurika, na barabara ya Garsen kwenda Lamu ikawa si ya kumpakia mtoto. Ufunguzi wa shule uliokuwa uwe tarehe 29 Aprili ukaahirishwa, ukaahirishwa tena, mpaka 13 Mei. Katika siku hizo za kungoja, baba hana kazi na binti hana basi, niliwaita wazazi wote wawili, na kwa idhini ya binti nikaiweka ile karatasi mezani.

Baba aliitazama muda mrefu. Akatoa penseli yake, akafuata mistari kutoka nyumbani hadi lango la kwanza, barabara, lango la pili, kurudi, Shella, kurudi. Akasema, "Kazi hii imepimwa vibaya." Kisha akageuka kwa mkewe, si kwangu, akamwuliza, "Wewe ulikuwa wajua?" Mama akasema alijua vipande. Nadhani mazungumzo ya maana yalifanyika usiku ule, nisipokuwapo.

Walichofanya

La kwanza lilikuwa rahisi na lilikuwa chungu. Wavulana wakahamishiwa kwetu shule ilipofunguliwa Mei. Lango moja kwa wote watatu, na ada ile ikaondoka katika miezi ambayo haikuwa na pesa. Chungu kwa baba, aliyekuwa ameshawaambia watu wa Langoni kwamba wanawe wako akademi. Shule ile ilikataa kutoa barua kabla ya kulipwa deni. Tulikwenda kuzungumza, likakubaliwa kulipwa kidogo kidogo. Walimu wenzangu kadhaa waliona ninajishughulisha na ya watu. Mmoja alisema kazi yetu inaishia langoni. Kesi hii yote ilikuwa nje ya lango, sikuona ningeifanyia wapi pengine.

La pili likangoja hadi Agosti, Wataliano walipokuja kwa likizo na karakana ikafufuka. Walihama nyumba. Wakapata vyumba viwili Shella, karibu na chuo na mwendo mfupi wa shule: nyumba kuukuu, ua wa pamoja, choo cha pamoja, chumvi ya bahari imekula kila bawaba. Kodi imezidi kidogo ile ya nyumba ya vigae. Mwenye nyumba ni ajuza wa Kibajuni ambaye wazazi wake walikimbia bara ya kaskazini ya Lamu wakati wa vita vya shifta katika miaka ya 1960, vijiji vizima vilipohamwa na watu wakateremka Malindi na Mombasa. Anajua kuhama. Na mlangoni ana baraza, na barazani yupo yeye, asubuhi mpaka usiku, akimwuliza kila mtoto apitaye anakwenda wapi.

Sasa baba huenda kazini kwa baiskeli, na ndiye anayeivuka barabara kuu, peke yake, mara mbili kwa siku. Kama ningeulizwa familia inayohama ianzie wapi, ningesema hapo: kama kuna safari ndefu lazima iwepo katika siku ya nyumba, apewe mtu mzima. Wengi huchagua nyumba kwa kazi ya baba, kwa kuwa kazi ndiyo iliyowaleta. Naelewa. Lakini mtu mzima akikosa usingizi wa nusu saa hulalamika, na mtoto huandikwa mchelewaji.

Isidhaniwe baba alifurahia. Alinikiri siku moja, nusu kwa mzaha, kwamba amekimbia nyumba ya mkwe akaangukia kwa mkwe mwingine. Ajuza yule naye hataki ukuta utobolewe. Lakini mkataba umeandikwa kwa jina la baba, na mlango wa nje uliooza ameutengeneza upya kwa mkono wake, wa mbambakofi, kodi ya mwezi mmoja ikakatwa humo. Mama anauza mahamri hapohapo barazani asubuhi, na mteja wake wa kwanza ni dereva wa tuktuk, ambaye siku hizi hana tena haja ya kuwachukua wavulana ila hupita.

Mvulana huenda chuoni peke yake. Mziwanda bado hulia langoni, nadhani kwa mazoea.

Binti

Jina lake halimo tena kwenye daftari la zamu. Alama zake zilipanda muhula wa tatu, si kwa kiasi cha kutangaza. Ukali haukuisha. Mama anasema ni umri, na safari hii nakubaliana naye.

Ninapoandika haya, mwaka 2025, faili lake sijalifunga, kwa jambo moja. Yuko Gredi ya 9, kundi la kwanza la mtaala mpya wa Kenya, litakaloingia sekondari ya juu Januari 2026, na wanafunzi wanatakiwa wachague shule. Binti anataka bweni, tena Lamu. Amekuja na sababu zake zimeandikwa, saa kando, kama nilivyomfundisha. Bibi amefurahi mno. Mama yuko pamoja naye. Baba hataki, anasema hakuwaleta wanawe Malindi ili awarudishe mmoja mmoja, na ameniomba niseme na binti. Nimemjibu kwamba mwaka jana niliipinga rai hii kwa sababu haikuwa yake. Mwaka huu ni yake. Hakupendezwa na jibu hilo, akasema tutaonana, na fomu zinatakiwa wiki ijayo.